Begi la Mawindoni Linapokusumbua: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Malalamiko ninayoyasikia kuhusu mabegi ya kuwindia yanafanana mno. Bega linawaka moto, mkanda wa kiuno haukai, mzigo unakuvuta nyuma kwenye mteremko, zipu imeachia usiku wa manane. Ukimuuliza mwenye begi alilichaguaje, mara nyingi atakwambia alilivaa likiwa tupu, akahesabu mifuko, akauliza ni la lita ngapi, akalipia. Sasa begi la mwindaji huingia porini na kilo 15 au 20, na ukijaliwa, linarudi na 35 au 40. Safari ya kwenda haikuonyeshi kitu. Lichague, na ulikague, kwa safari ya kurudi.

Kwa hiyo kabla hujafuata dalili yoyote hapa chini, fanya jaribio hili, liwe begi jipya unalolifikiria au la zamani linalokutesa. Jaza maji madumu manne ya lita 5. Hizo ni kilo 20. Yafunge kwa blanketi yasigongane, yatie ndani, vaa, kisha panda na kushuka ngazi au kilima kwa dakika 40 bila kutua mzigo. Katika dakika tano za kwanza kila begi ni zuri. Ukifika dakika ya 40 utajua shida yako ni ipi kati ya hizi.

Mabega yanauma, au mikono inaingia ganzi

Anza na jambo rahisi: legeza mikanda yote, halafu uvae upya kuanzia chini kwenda juu. Funga mkanda wa kiuno kwanza na uukaze hadi mzigo ukalie nyonga. Ndipo uvute mikanda ya mabega iguse tu, kisha ile midogo ya juu inayotoka begani kwenda kwenye fremu (kiunzi kigumu cha mgongoni mwa begi), na mwisho mkanda wa kifua. Watu wengi huanza na mabega kwa sababu ndiyo yanayoingia kwanza kwenye begi, na hapo mabega yanabeba mzigo ambao ulipaswa kubebwa na nyonga na miguu. Wengi hupona kwa hatua hii peke yake.

Usipopona, chanzo kinachofuata ni urefu wa mgongo wa begi kutolingana na wako. Usijipime kwa kimo, maana mtu mrefu anaweza kuwa na kiwiliwili kifupi na miguu mirefu. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo hadi ukute kifundo cha mfupa kinachotokeza kuliko vingine. Hiyo ni pingili ya saba ya shingo. Kisha shika kiuno, vidole gumba vikielekea nyuma, mikono ikikalia ukingo wa juu wa mifupa ya nyonga. Mwenzako apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye kifundo hadi kwenye mstari unaounganisha vidole gumba, akifuata mkunjo wa mgongo. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 40 na 55. Mabegi mengi ya fremu yana ngazi ya kupandisha au kushusha mikanda ya mabega. Iweke kwenye kipimo chako na urudie jaribio la madumu.

Chanzo cha tatu ndicho kinachowaponyoka wanunuzi: fremu ni fupi. Jitazame kwenye kioo kwa upande, ukiwa umebeba. Ile mikanda midogo ya juu inatakiwa ipande kutoka begani kwenda nyuma kwa pembe ya digrii 45 hivi. Ikiwa imelala bapa, au inashuka, basi kilele cha fremu hakifiki juu ya bega lako na hakuna kiasi cha kukaza kitakachosaidia. Baadhi ya fremu huuzwa na vipande vya kurefushia. Kama yako haina, hilo begi si lako, hata liwe zuri kiasi gani.

Mara chache zaidi, tatizo ni mkanda wa kifua uliopandishwa karibu na koo au kukazwa mno. Ukae sentimita chache chini ya mitulinga, na uweze kuvuta pumzi hadi mwisho bila kuusikia. Au sponji ya mikanda imekufa: ibinye, na vidole vikikutana kama vimeshika kitambaa kitupu, imekwisha.

*Simama hapa.* Ganzi inayoisha dakika chache baada ya kutua mzigo ni onyo la kurekebisha begi. Lakini mkono ukikosa nguvu, ukishindwa kuuinua sawasawa, au kombe la bega likichomoza nyuma kama bawa, mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda begani na mkononi huenda imebanwa. Askari wanaobeba mizigo mizito wanaujua ugonjwa huu, na mara nyingi hauna maumivu makali, ndiyo maana watu huendelea kubeba. Usiendelee. Gawa mzigo wako kwa wenzako na umwone daktari.

Mkanda wa kiuno unateleza kwenda chini

Kwanza tazama unaukalisha wapi. Katikati ya upana wa mkanda iwe juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga, nusu juu ya mfupa, nusu chini yake. Ukikaa tumboni utakukaba. Ukikaa chini ya mfupa utashuka kila hatua. Inama kidogo mbele, tingisha begi lipande mgongoni, kaza ukiwa bado umeinama, ndipo usimame.

Kisha tazama nguo. Koti la mvua linalong'aa juu ya suruali inayoteleza ni kama kuvaa mkanda juu ya sabuni. Mkanda wa ngozi wa suruali nao hukaa pale pale mkanda wa begi unapotaka kukaa, na bizimu lake linakuchimba. Uvue, utumie mikanda ya suruali inayopita mabegani.

Sababu ya tatu ni ukubwa. Ukiwa umekaza, sehemu mbili zenye sponji zisikutane mbele. Kati yake pabaki nafasi ya sentimita 8 hadi 15. Zikigusana, huna tena pa kukazia. Angalia hili kila msimu, maana mwindaji aliyenunua begi akiwa mnene hupungua baada ya majuma kadhaa ya kupanda milima, na mkanda uliomtosha mwanzoni unakuwa mkubwa. Mabegi mazuri hukuruhusu kununua mkanda peke yake kwa kipimo kingine, na hilo kwangu ni sababu tosha ya kulichagua begi moja na kuliacha jingine.

Wenye nyonga nyembamba wana shida yao. Mkanda hauna pa kushika, hata ukiwa wa kipimo sahihi. Kunja fulana mara mbili, uisukume kati ya mgongo wa chini na begi, kisha tembea. Kuteleza kukikoma, unachohitaji ni mto mnene wa kiunoni, si begi lingine.

Mzigo unakuvuta nyuma au unayumba

Hapa ndipo begi la matembezi ya kawaida na begi la mawindo yanapoachana.

Mara ya kwanza nilipobeba nyama ya paja la mnyama mkubwa niliitoa mifupa ili kupunguza uzito, nikaitia chini kabisa ya begi, na hema juu yake. Kwenye mteremko wa mawe nyama ile ilikuwa inatambaa kama unga uliokandwa. Ilijaa sakafu ya begi, ikatokeza nyuma kama kitambi, na kila nilipoinua goti nilihisi mtu ananishika kola. Nilitembea nimejikunja mbele hadi kambini. Kesho yake mgongo ulikataa kunyooka.

Makosa yalikuwa mawili, na ndiyo yanayojirudia kwa wengi. La kwanza ni mzigo kuwa mbali na mgongo. Uzito ule ule ukisogea sentimita 15 nyuma unakuwa mzito zaidi kwa mwili, kwa sababu lazima uiname ili kuusawazisha. Ndiyo maana begi la mawindo lililofikiriwa vizuri linaachana na fremu yake: unalegeza mikanda ya pembeni, begi linasogea nyuma, na katikati panabaki nafasi ya kuwekea nyama, ikikumbatiwa na fremu. Ukinunua, uliza nafasi hiyo ipo na uifungue mwenyewe dukani. Kosa la pili ni nyama kukaa chini. Kitu kizito kikae usawa wa katikati ya mgongo hadi chini kidogo ya makombe ya mabega. Weka mfuko wa kulalia au nguo chini ya nyama kama jukwaa, funga mfuko wa nyama kwa kamba uwe kama gogo gumu, kisha pitisha mkanda mmoja chini yake na miwili juu. Nyama yenye mfupa ni nzito zaidi lakini haitambai. Kwa mwendo mfupi wakati mwingine mimi huuacha mfupa.

Kama umepanga vizuri na bado begi linayumba kushoto na kulia, kaza mikanda ya pembeni ya kiuno, ile mifupi inayounganisha mkanda wa kiuno na fremu. Wengi hawajui kuwa ipo. Kisha toa fremu na uikague. Bapa la alumini lililopinda linaweza kunyooshwa taratibu juu ya goti. Likiwa na ufa kwenye kona, libadilishe, maana litakatika ukiwa mbali. Fremu ya nyuzi za kaboni iliyopasuka haitengenezwi porini kwa gundi wala kwa tepu. Unaweza kuifunga banzi kwa kijiti na tepu ili ufike nyumbani na mzigo mwepesi, basi. Ishike kwa glavu, nyuzi zake zilizokatika huingia kwenye ngozi kama miiba.

*Simama hapa.* Kaa chini, egemea begi, vaa, geuka upige magoti, kisha usimame kwa msaada wa fimbo. Ukishindwa kusimama bila kuvutwa na mtu, mzigo ni mkubwa. Punguza na urudi mara ya pili. Unapovuka mto unaokufikia magotini, fungua mkanda wa kifua na wa kiuno kabla ya kuingia majini ili ukianguka uweze kujivua. Na maumivu ya mgongo yanayokuja na udhaifu wa mguu, ganzi katikati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo.

Paja la nje linawaka au lina ganzi

Karibu kila mara ni mkanda wa kiuno uliokazwa kupita kiasi au kukalishwa chini, ukibana mshipa wa fahamu unaopita mbele ya nyonga. Mshipa huo ni wa kuhisi tu, kwa hiyo mguu hauishiwi nguvu. Pandisha mkanda, ulegeze nukta moja, na kila baada ya nusu saa hamishia uzito mabegani kwa dakika chache. Toa pia vitu mfukoni. Funguo na kisu chini ya mkanda hufanya kazi ile ile mbaya. Ganzi isipoondoka siku kadhaa baada ya safari, muone daktari.

Begi linapiga kelele

Mnyama atakusamehe mengi, lakini si mlio wa kitu kigumu kilichogongana au kitambaa kinachokwaruzwa na tawi.

Kelele nyingi ni mikia ya mikanda inayopigapiga na chupa ya chuma inayogusa fremu. Viringisha mikia na uifunge kwa mpira. Ifunike chupa kwa soksi. Kama ni mlio wa kukereketa unaofuata hatua zako, unatoka kwenye bapa za fremu zinazosuguana na mifuko yake, au kwenye maungio ya mkanda wa kiuno. Zitoe, futa vumbi, zipake mshumaa, uzirudishe. Niliwahi kusikia mlio wa aina hii siku tatu nikidhani ni kiatu changu.

Kelele ikitoka kwenye kitambaa chenyewe, hakuna dawa ya kudumu. Nailoni nzito iliyopakwa utando mgumu hukwaruza matawi kama karatasi. Kwa hiyo kabla ya kununua, ipitishie ukucha mahali palipo kimya. Ukiusikia kwa urefu wa mkono wako, swala atausikia kabla yako.

Zipu inaachia, klipu inavunjika, mkanda unajilegeza

Zipu inayofunguka nyuma ya kichwa chake baada ya kufungwa kwanza huwa chafu. Ioshe kwa maji na mswaki wa zamani, ikauke, ipake mshumaa. Isipotulia, kichwa kimepanuka: kibane kwa plaizi kidogo kidogo upande mmoja, kisha wa pili, ukijaribu kila mara, kwa sababu ukikibana mno kitavunjika. Kikiisha, nunua kichwa cha namba ile ile. Huwa imeandikwa mgongoni mwake, mara nyingi 5, 8 au 10. Meno yakikosekana, ni zipu nzima, na hiyo ni kazi ya fundi. Ndiyo maana napendelea begi ambalo zipu zake hazibebi uzito, yaani mikanda inashika mzigo na zipu inafunga tu.

Klipu nyingi nilizoziona zimevunjwa na mlango wa gari au buti, si na nyama. Baridi kali nayo huifanya plastiki ivunjike kirahisi. Beba klipu moja ya akiba ya upana wa mkanda wako wa kiuno, ile inayovishwa bila kushona. Upana ni muhimu: mkanda wa milimita 20 kwenye bizimu la milimita 25 utajilegeza kila hatua. Mkanda unaoteleza kwenye bizimu lake sahihi huwa una matope, umepitishwa kinyume, au umelainika kwa uzee.

Mshono ukianza kuachia kwenye shina la mkanda wa bega, uushone siku hiyo kwa uzi wa nailoni au poliesta. Uzi wa pamba huoza ukiloana. Lakini kitambaa chenyewe kikichanika kutoka kwenye fremu, peleka kwa fundi mwenye mashine ya kushonea ngozi au turubai. Cherehani ya nyumbani haitapenya, na sindano ikikatika inaruka.

Maji yanaingia, au ndani kunanata

Mabegi mengi hayazuii mvua ya siku nzima, hata yakitengenezwa kwa kitambaa kisichopitisha maji, kwa sababu maji huingia kwenye mishono na zipu. Weka mfuko mzito wa plastiki ndani na vitu vyako humo. Kifuniko cha nje hupigwa na upepo, hupiga kelele, na hakizuii maji yanayoshuka mgongoni. Ndani kukianza kunata, kunuka na kumenyeka vipande, utando umeoza kwa joto na unyevu wa mahali ulipoliweka, na haurudi. Litumie na mfuko wa ndani, na linalofuata ulitundike pakavu.

Damu, harufu, na nyama iliyoharibika

Damu ioshwe kwa maji baridi mapema iwezekanavyo. Maji ya moto huigandisha kwenye nyuzi. Ikishakauka, loweka kwa sabuni yenye vimeng'enya, sugua kwa brashi laini, kausha kivulini. Epuka sabuni zenye ving'arisha vya nguo nyeupe, kwa sababu paa na jamaa zake huona mwanga wa buluu na urujuanimno vizuri kuliko sisi. Begi lenye damu usilale nalo hemani, na lenye jasho ulitundike, maana panya hutafuna mikanda kwa ajili ya chumvi.

Nyama ikifika imechacha, usilaumu begi kwanza. Sababu ya kwanza ni kuifunga ikiwa bado na joto la mwili. Ya pili ni kuifunga kwa plastiki inayozuia hewa. Itundike kivulini ipoe, uitie kwenye mifuko ya kitambaa inayopumua, na ukifika mahali pa barafu au jokofu ishuke chini ya nyuzi 4. Nyama yenye harufu ya uchachu karibu na mfupa au rangi ya kijani haiokolewi kwa kupikwa sana. Itupe.

Begi linalalia upande mmoja ukiwa na silaha

Bunduki yenye darubini huwa na kilo 3 au 4. Isawazishe kwa maji upande wa pili. Kabla ya kuifunga, chemba iwe tupu, mtu wa pili athibitishe, mdomo ufunikwe na usielekee kwa mtu yeyote hata ukiinama. Mishale iende kwenye podo linalofunika chembe zote. Kama mfuko wa bunduki wa begi lako unakulazimisha usaidiwe na mtu kuitoa, ujaribu nyumbani na silaha tupu hadi ujue kama unaweza kuishi nao.

Begi halitoshi, au ni kubwa mno

Kwa siku moja lita 30 hadi 40 zinatosha. Siku tatu hadi tano, 60 hadi 80, na zaidi ya hapo au kwenye baridi, 80 hadi 110. Lakini lita ndicho kigezo ninachokijali kidogo kuliko vyote. Begi kubwa linalobanwa likawa jembamba hutembea vizuri likiwa nusu. Begi dogo lililofungiwa vitu nje linanasa kila kichaka. Cha kuogopa ni wepesi. Mabegi ya matembezi ya kilo moja na kidogo ni matamu hadi mzigo ukipita kilo 18 hivi, hapo mgongo wake unalegea. Begi la fremu la mawindo huwa na kilo 2.5 hadi 3.5 likiwa tupu, na uzito huo wa ziada ndio utakaoushukuru ukiwa na paja mgongoni.

Ukishalinunua, usikate lebo. Lijaribu ndani ya nyumba kwa yale madumu manne siku ya kwanza, ongeza mawili siku ya pili, ukivaa suruali na koti utakalowindia. Mkanda ukiteleza au ile mikanda midogo ya juu ikilala bapa, lirudishe likiwa bado safi.